Ifahamu namba 2,147,483,647: ilikotoka, utasa wake, na kwa nini saa za kompyuta zitakwama nayo mwaka 2038

Namba hii ina tarakimu kumi. Inasomwa hivi: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Ukiiona imeandikwa pembeni ya daftari utadhani ni namba ya simu ya mtu.

Lakini ni moja ya namba zilizochunguzwa sana duniani. Karibu miaka mia moja ilishika rekodi ya ukubwa katika jamii yake. Leo imo ndani ya simu, kompyuta na mitambo mingi, na ina tarehe yake: Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Siku hiyo vifaa ambavyo havitakuwa vimerekebishwa vitafika mwisho wa uwezo wao wa kuhesabu muda.

Msikilizaji, makala haya yanaeleza namba hii ni nini na inakuhusu vipi. Huhitaji hesabu zaidi ya kujumlisha, kuzidisha na kugawanya. Kikokotoo cha simu yako kinatosha.

Kwa ufupi

- Ni 2 iliyozidishwa yenyewe kwa yenyewe mara 31 (2 × 2 × 2 na kuendelea, mbili 31), kisha ukatoa 1.
- Ni namba tasa. Haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Aliyethibitisha ni Leonhard Euler, mwaka 1772.
- Ni namba kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa na kompyuta yenye nafasi 32, nafasi moja ikiwa imetengwa kwa ajili ya hesabu za chini ya sifuri.
- Sekunde 2,147,483,647 ni sawa na miaka 68 na siku 18 na ushei.

Inapatikanaje? Tuanze na bao

Chukua bao la kiswahili, lile lenye mistari minne na mashimo manane kila mstari. Jumla ni mashimo 32. Leo hatuchezi, tunalitumia kuhesabia.

Kila shimo lipe thamani. Shimo la kwanza ni 1, la pili ni 2, la tatu ni 4, la nne ni 8. Kila shimo lina thamani mara mbili ya lile lililotangulia. Sharti ni moja: shimo linakuwa na kete moja au linakuwa tupu.

Ukitaka kuandika 5, weka kete kwenye shimo la kwanza na la tatu, maana 1 na 4 ni 5. Ukitaka 6, weka la pili na la tatu. Kwa njia hii unaweza kuandika namba yoyote mpaka mashimo yaishe.

Sasa jaza mashimo kwa mfululizo uone jumla:

- Mashimo 2: 1 + 2 = 3
- Mashimo 3: 1 + 2 + 4 = 7
- Mashimo 4: 1 + 2 + 4 + 8 = 15
- Mashimo 5: 1 + 2 + 4 + 8 + 16 = 31

Umeona mtindo wake? Kila mara jumla inapungukiwa na moja tu kuifikia thamani ya shimo linalofuata. Shimo la 31 lina thamani ya 1,073,741,824. Shimo la 32 lingekuwa na thamani ya 2,147,483,648. Kwa hiyo ukijaza mashimo 31 ya kwanza, kete moja kila shimo, unapata 2,147,483,647. Hiyo ndiyo namba yetu.

Namba za aina hii, zinazotokana na kujaza mashimo yote bila kuruka, huitwa namba za Mersenne. Jina ni la Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa aliyeishi kati ya mwaka 1588 na 1648.

Namba tasa ni nini?

Shuleni tulifundishwa kwamba namba tasa ni ile kubwa kuliko 1 ambayo haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Mfano ni 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Namba 12 si tasa, kwa sababu inagawanyika kwa 2, 3, 4 na 6.

Tuijaribu namba yetu kwa vipimo vya kawaida. Inaishia na 7, kwa hiyo haigawanyiki kwa 2 wala kwa 5. Jumlisha tarakimu zake zote: 2+1+4+7+4+8+3+6+4+7 ni 46. Namba 46 haigawanyiki kwa 3, kwa hiyo hata namba yenyewe haigawanyiki kwa 3. Ukigawanya kwa 7 inabaki 1. Kwa 11 inabaki 1. Hata kwa 31 inabaki 1.

Kubaki 1 mara nyingi hivi kunatokana na jirani yake wa chini, 2,147,483,646, ambaye anagawanyika kwa njia nyingi sana. Jirani huyo ni 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Jirani wa juu, 2,147,483,648, ni mbili tupu zilizozidishwa mara 31. Katikati ya majirani hao wawili wanaogawanyika kirahisi, namba yetu haigawanyiki kabisa.

Lakini vipimo vichache havitoshi kusema namba ni tasa. Lazima uhakikishe hakuna hata kigawo kimoja. Hapo ndipo kazi ilipo.

Si kila namba ya Mersenne ni tasa

Ukijaza mashimo 4 unapata 15, ambayo ni 3 × 5. Ukijaza 6 unapata 63, ambayo ni 7 × 9. Kanuni ni kwamba idadi ya mashimo ikigawanyika, na namba inayopatikana inagawanyika. Kwa hiyo idadi ya mashimo lazima yenyewe iwe tasa.

Hata hivyo, sharti hilo peke yake halitoshi. Kumi na moja ni namba tasa, lakini ukijaza mashimo 11 unapata 2,047, ambayo ni 23 × 89.

Jambo hili liliwapotosha watu wakubwa. Mwaka 1603 Pietro Cataldi wa Italia alichapisha kitabu akisema kwamba mashimo 23, 29, 31 na 37 yote yanatoa namba tasa. Baadaye ilionekana kwamba kati ya hizo nne alipatia moja tu, 31. Mwaka 1644 Mersenne naye alitoa orodha yake. Aliweka 67 na 257 ambazo hazikustahili kuwemo, na akaziacha 61, 89 na 107 ambazo zilistahili. Hata kwa 31, wote wawili walisema bila kutoa uthibitisho unaotosha.

Euler alithibitishaje?

Leonhard Euler alizaliwa Basel, Uswisi, mwaka 1707. Sehemu kubwa ya maisha yake alifanya kazi Saint Petersburg nchini Urusi. Ilipofika mwaka 1772 alikuwa karibu kipofu kabisa, akifanya hesabu nyingi kichwani na kuwasomea wasaidizi waandike. Mwaka huo, katika barua, alieleza kwamba 2,147,483,647 ni namba tasa.

Hakuwa na kikokotoo. Alichokuwa nacho ni njia ya kupunguza kazi.

Hatua ya kwanza ni ya kila mwanafunzi. Ukitafuta vigawo vya namba, huna haja ya kupita kipeuo chake cha pili, kwa sababu kigawo kikubwa lazima kiwe na mwenzake mdogo. Hapa 46,340 × 46,340 ni 2,147,395,600, bado hatujaifikia. Lakini 46,341 × 46,341 ni 2,147,488,281, tumeipita. Kwa hiyo inatosha kujaribu vigawo visivyozidi 46,340. Hata hivyo, namba tasa zilizo chini ya hapo ni zaidi ya 4,000. Ni kazi ya siku nyingi kwa mkono.

Hatua ya pili ndiyo iliyookoa muda. Ilijulikana kwamba ukijaza mashimo 31, kigawo chochote cha namba utakayopata lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 62, yaani 31 mara mbili. Pia lazima kibakize 1 au 7 kikigawanywa kwa 8. Unaweza kuikagua kanuni hii kwa 2,047, namba ya mashimo 11. Vigawo vyake ni 23 na 89. Vyote vinabakiza 1 vikigawanywa kwa 22, ambayo ni 11 mara mbili. Na vikigawanywa kwa 8, kimoja kinabakiza 7 na kingine 1.

Ukiunganisha masharti hayo mawili, vigawo vinavyostahili kujaribiwa ni vile tu vinavyobakiza 1 au 63 vikigawanywa kwa 248. Kati ya 248 na 46,340 namba za namna hiyo ni 372 tu, na nyingi kati ya hizo si tasa, kwa hiyo hazina haja ya kujaribiwa. Ya kwanza inayostahili ni 311. Jaribu mwenyewe: 311 × 6,905,092 ni 2,147,483,612, kwa hiyo inabaki 35. Haigawanyiki. Euler alipita hizo zote mpaka mwisho na hakupata hata moja.

Hivyo 2,147,483,647 ikawa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana. Iliishika nafasi hiyo mpaka mwaka 1867, Fortuné Landry wa Ufaransa alipopata 3,203,431,780,337.

Leo rekodi iko mbali sana. Mwezi Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa inayopatikana kwa kujaza mashimo 136,279,841. Ina tarakimu 41,024,320. Aliyeipata ni Luke Durant wa Marekani, akishirikiana na mradi unaounganisha kompyuta za watu wa kujitolea duniani.

Inazaa namba timilifu

Namba timilifu ni ile ambayo ukijumlisha vigawo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, unaipata tena. Mfano ni 6: vigawo vyake ni 1, 2 na 3, na jumla ni 6. Nyingine ni 28: 1 + 2 + 4 + 7 + 14 ni 28.

Euclid wa zama za Wagiriki wa kale alionyesha kwamba kila namba tasa ya Mersenne inatoa namba timilifu. Unaizidisha kwa thamani ya shimo la mwisho ulilojaza. Mashimo 2 yanatoa 3, na shimo la mwisho ni 2: 3 × 2 ni 6. Mashimo 3 yanatoa 7, na shimo la mwisho ni 4: 7 × 4 ni 28. Kwa namba yetu, 2,147,483,647 × 1,073,741,824 ni 2,305,843,008,139,952,128. Hiyo ni namba timilifu ya nane kwa ukubwa.

Je, ina faida yoyote?

Mwaka 1811 Peter Barlow, mwalimu wa hisabati huko Woolwich, Uingereza, aliandika kwamba namba timilifu hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana. Sababu yake ilikuwa kwamba namba hizi zinafurahisha tu lakini hazina faida, hivyo hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine.

Historia ilimkatalia mara mbili. Kwanza, namba kubwa zaidi zilipatikana. Pili, namba tasa ya Euler ilipata kazi.

Kompyuta haina dadu wala karata. Ikihitaji namba ya kubahatisha, kwa mfano katika mchezo wa simu au katika majaribio ya kisayansi, inaikokotoa. Njia moja maarufu ni hii: chukua namba uliyonayo, izidishe kwa 16,807, gawanya kwa 2,147,483,647, kisha baki ndiyo namba inayofuata. Ukianza na 1 unapata 16,807, halafu 282,475,249, halafu 1,622,650,073, halafu 984,943,658. Zinaonekana kama zimeokotwa tu.

Utasa unahitajika hapa, na unaweza kuona sababu kwa namba ndogo. Tumia 7, ambayo ni tasa, na uzidishe kwa 3 kila mara, ukichukua baki. Unapata 1, 3, 2, 6, 4, 5, kisha unarudi 1. Umepita namba zote sita. Sasa tumia 8, ambayo si tasa: 1, 3, 1, 3. Unazunguka palepale. Ukiweka 5 au 7 badala ya 3, bado unazunguka palepale.

Kwa 2,147,483,647 na kizidisho cha 16,807, mzunguko unapita namba zote 2,147,483,646 kabla ya kujirudia. Mwaka 1988 Stephen Park na Keith Miller waliipendekeza njia hiyo kama kiwango cha chini ambacho kompyuta zote zifuate. Ila haifai kutengeneza namba za siri, maana anayeijua namba moja anaweza kukokotoa inayofuata.

Ukuta wa mashimo 32

Kompyuta inahesabu kama bao letu. Kila shimo inaliita biti: lina kete au halina. Kwa miaka mingi kompyuta nyingi zimetumia biti 32 kutunza namba moja, idadi ileile ya mashimo ya bao.

Lakini kompyuta inahitaji pia kuandika namba za chini ya sifuri, kama deni. Kwa hiyo shimo la 32 limepewa thamani ya deni: kutoa 2,147,483,648. Mashimo 31 yaliyobaki ni ya akiba. Yakijaa yote, ni 2,147,483,647. Hapo ndipo mwisho.

Nini kinatokea ukiongeza 1? Fanya kwa mashimo manne. Matatu ya kwanza ni 1, 2 na 4. La nne ni deni la 8. Jaza matatu: una 7. Sasa ongeza kete moja kwenye shimo la kwanza. Zimekuwa mbili, na sharti linakataza. Ziondoe, peleka moja shimo la pili. Nalo limekuwa na mbili. Ziondoe, peleka moja mbele. Mwisho mashimo matatu ni matupu na kete moja imeangukia shimo la nne. Ulikuwa na akiba ya 7, ukaongezewa 1, sasa unadaiwa 8.

Kwa biti 32 ni vivyo hivyo. Baada ya 2,147,483,647 inafuata kutoa 2,147,483,648. Tuseme chama cha ushirika kinatumia programu ya zamani inayotunza jumla ya malipo kwa shilingi katika biti 32. Malipo yakipita shilingi bilioni 2.147, jumla inageuka kuwa deni. Kama programu hiyo inahesabu kwa senti, ukuta unafika mapema zaidi, kwenye shilingi milioni 21.47.

Tuweke jambo moja sawa. Utasa wa namba hii hauhusiani na ukuta huu. Ukuta upo kwa sababu mashimo ni 31, na utasa nao umetokea kwa mashimo 31. Asili ni moja, mambo ni mawili.

Imeshatokea

Desemba 2014, YouTube ilitangaza kwamba imebadilisha kihesabu cha watazamaji kutoka biti 32 kwenda biti 64. Wimbo wa Gangnam Style wa msanii PSY wa Korea Kusini ulikuwa umefikia ukuta. Kihesabu kipya kinaishia 9,223,372,036,854,775,807.

Mwaka 2015, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 zizimwe umeme na kuwashwa upya kabla ya kutimiza siku 248 mfululizo. Kihesabu ndani ya mitambo ya umeme kingejaa na mitambo ingeweza kuzimika, hata ndege ikiwa angani. Siku 248 na nusu ni sawa na 2,147,483,647 ukihesabu kwa mia ya sekunde.

Na sisi wenyewe tumelipitia jambo la ukoo huu. Mwaka 2024 wateja wa Luku nchini Tanzania, na wa mita za tokeni nchini Kenya, walitakiwa kuingiza namba za ziada za tarakimu 20 kabla ya kuweka umeme. Wengi walijiuliza ni za nini. Mita hizo zilikuwa zikihesabu dakika tangu 1 Januari 1993 kwa biti 24. Biti 24 zinatosha dakika 16,777,216, na hizo ziliisha 24 Novemba 2024. Mita ambayo haikurekebishwa ingekataa tokeni mpya. Namba zile za ziada ndizo zilizoipangia mita mwanzo mpya wa kuhesabu.

Tarehe 19 Januari 2038

Kompyuta nyingi zinatunza muda kwa kuhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970, saa sita usiku kwa saa za Greenwich. Kwa Afrika Mashariki hiyo ni saa 9 usiku. Ndiyo maana baadhi ya simu zikiishiwa chaji kabisa au zikiharibika huonyesha mwaka 1970: kihesabu kimerudi sifuri.

Kihesabu hicho kilivuka sekunde bilioni moja tarehe 9 Septemba 2001. Kitavuka bilioni mbili tarehe 18 Mei 2033. Kitafika 2,147,483,647 tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14 na sekunde 7 asubuhi. Kwa wenzetu wa Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo itakuwa saa 11:14 alfajiri.

Kifaa kinachotunza sekunde hizo katika biti 32 zenye shimo la deni, sekunde inayofuata kitaruka kurudi nyuma. Kitaamini ni 13 Desemba 1901. Mlango wa kielektroniki unaweza kukataa kadi, kamera ikaandika tarehe ya uongo, hesabu ya riba ikavurugika. Na madhara hayasubiri siku yenyewe. Mkopo wa miaka 20 uliotolewa mwaka 2018 unaisha mwaka 2038, kwa hiyo programu mbovu ilianza kukosea siku ile mkopo ulipoandikwa.

Dawa inajulikana: kutumia biti 64, ambazo zinatosha zaidi ya miaka bilioni 290. Simu janja nyingi za sasa ni za biti 64. Mfumo wa Linux, ambao ndio msingi wa Android, uliwekewa marekebisho mwaka 2020 hata kwa vifaa vya biti 32. Kinachobaki ni vifaa vya zamani na vile visivyowekewa toleo jipya la programu tangu vilipotoka dukani.

Wewe ufanye nini?

Fedha zako. Salio la akaunti yako ya simu halikai ndani ya simu. Liko kwenye kompyuta za kampuni, na kuzirekebisha ni wajibu wao. Hakuna sababu ya kuhamisha au kutoa fedha kwa hofu ya 2038.

Matapeli. Kadiri tarehe inavyokaribia, watatokea watu wa kupiga simu wakisema wanakurekebishia simu au akaunti. Marekebisho haya hayahitaji namba yako ya siri kwa namna yoyote. Anayeiomba ni mwizi.

Simu yako. Kubali matoleo mapya ya programu yanapokuja. Usiijaribu simu unayoitegemea kwa kuisogeza tarehe hadi 2038. Tarehe ikiwa si sahihi, WhatsApp na kurasa nyingi za intaneti hukataa kufunguka.

Vifaa vya kudumu. Pampu ya maji ya sola, kamera ya ulinzi au mtambo wa umeme unaonunuliwa leo unaweza kuwa bado unafanya kazi mwaka 2038. Muulize muuzaji maswali mawili: programu yake inaweza kuwekewa toleo jipya? Na itaendelea kusoma tarehe baada ya Januari 2038? Majibu yaandikwe kwenye risiti au hati ya dhamana.

Ofisi za kijiji na vikundi. Kama SACCOS yenu, zahanati au shule inatumia programu ya zamani, mwombeni fundi atengeneze nakala ya pembeni, kisha aingize humo mkopo au miadi yenye tarehe ya mwaka 2040. Programu ikikataa au ikiandika 1901 au 1904, mjue mna kazi ya kufanya, na muda bado upo. Mita za Luku ziliwekewa namba mpya kabla ya Novemba 2024 kufika, na wateja waliofanya hivyo mapema waliendelea kuweka umeme kama kawaida.